Jinsi ya Kuandaa Kiwango cha Ufikivu wa Tovuti kwa Taasisi Inayohudumia Watu kwa Kiswahili

Nilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito siku nilipoketi kando ya mwenzangu asiyeona, naye akijaribu kujaza fomu ya maombi kwenye tovuti ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Kompyuta yake ilikuwa na NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini) kinachopatikana bila malipo, na alikuwa ameiwekea sauti ya Kiswahili aliyokwisha kuizoea. Ukurasa ulipofunguka, sauti ile iliondoka ikaja ya Kiingereza, ikaanza kuyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza: "jina" likawa kitu kama "jaina", "tuma" likageuka "tyuma", na jina la mkoa wake hatukulitambua hata baada ya kulirudia mara tatu. Maandishi yote ya ukurasa yalikuwa ya Kiswahili sanifu. Kosa lilikuwa juu kabisa ya msimbo, mahali panapotangaza lugha ya ukurasa, palipoandikwa lang="en" (Kiingereza) ilhali pangeandikwa lang="sw" (Kiswahili). Fundi alichukua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa na wengine, akatafsiri kila kinachoonekana kwa macho, akaziacha herufi mbili zisizoonekana.

Fundi yule hakuvunja amri yoyote, kwa sababu taasisi yenyewe haikuwa na amri ya kuvunjwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandika hati hiyo inayokosekana, yaani kiwango cha ufikivu, kinachoeleza tovuti itengenezwe vipi ili watu wenye ulemavu nao waweze kuitumia, tangu kuutafuta msingi wake katika sheria hadi kukiingiza katika mikataba ya mafundi. Nimewalenga watu wa halmashauri, vyuo, hospitali, benki na mashirika yasiyo ya kiserikali ambayo yana tovuti moja na mtu mmoja au wawili wa TEHAMA, maana taasisi za namna hiyo ndizo zilizo nyingi kwetu. Katika hatua zote kuna sharti moja nitakalolishikilia: sentensi ambayo watu wawili wasiojuana wakiipima kwenye ukurasa uleule watatoa majibu tofauti haifai kuingia katika kiwango.

Hatua ya kwanza: tafuta msingi wa kisheria na uutaje kwa namba

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inazungumzia ufikivu, nayo haiishii kwenye ngazi na milango ya majengo, bali inataja habari, mawasiliano, na teknolojia mpya pamoja na intaneti. Ibara hiyohiyo inazitaka nchi wanachama ziandae viwango vya chini vya ufikivu, zivitangaze, na kufuatilia kama vinatekelezwa. Vitenzi hivyo vitatu vinakupa mpangilio wa kazi yako yote, kwa hiyo ni vyema kuvinakili kama vilivyo katika utangulizi wa hati.

Chini ya Mkataba huo zipo sheria za nchi. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Kenya ina Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na ina pia sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa saini mwaka 2025. Nakushauri utaje ibara na vifungu kwa namba zake badala ya kuandika kwa ujumla kwamba "taasisi inajali makundi maalumu". Siku bajeti itakapopunguzwa, mhasibu ataipita sentensi ya kujali bila kusita, lakini akikutana na namba ya ibara itambidi aulize kwanza.

Hatua ya pili: chagua kiwango cha kimataifa cha kusimamia

Usianze kuandika kanuni kutoka kichwani. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na W3C, chombo cha kimataifa kinachosimamia kanuni za wavuti, kupitia mpango wake wa ufikivu ulioanzishwa mwaka 1997. Matokeo yake ni Miongozo ya Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, ambayo watu wa fani hii huiita WCAG. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 1999, la 2.0 Desemba 2008, la 2.1 Juni 2018, na la 2.2 Oktoba 2023.

Inafaa kusimama kidogo kwenye pengo kati ya toleo la kwanza na la pili, kwa sababu hiyo miaka tisa na ushei ina somo kubwa kwa yeyote anayetaka kuandika kiwango. Toleo la 1999 lilikuwa na kifungu kilichotaka rangi ya maandishi na ya mandharinyuma zitofautiane "vya kutosha". Kifungu kingine kilitaka lugha iliyo wazi na nyepesi kadiri inavyofaa. Nani angeweza kulipinga jambo hilo? Lakini pia nani angeweza kulipima? Msanifu mwenye macho makali aliiona rangi ya kijivu kuwa inatosha, na mama mwenye mtoto wa jicho akaona ukurasa mtupu, na wote wawili kila mmoja alikuwa na haki ya kudai kwamba kifungu kinamuunga mkono. Toleo la 2008 liliondoa ubishi huo kwa kuweka namba: uwiano wa mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake usipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa usipungue 3 kwa 1. Kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinapata takriban 4.54, kwa hiyo kinapita. Kijivu cha #777777, ambacho macho yangu hayawezi kukitenganisha na kile cha kwanza, kinapata takriban 4.48, na kimeanguka. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni ukali wa kupitiliza. Mimi naliona ndilo linalokiwezesha kiwango kutumika mbele ya mkandarasi anayebisha.

WCAG 2.2 ina vigezo 86, vilivyogawanywa katika ngazi tatu, kutoka ya chini hadi ya juu: A, AA na AAA. Ukichukua A na AA kwa pamoja unapata vigezo 55, na hizo ndizo ngazi ambazo sheria nyingi duniani huzitumia, ingawa nyingi zimebaki kwenye matoleo ya awali: kanuni ya Marekani ya Aprili 2024 kwa serikali za majimbo na miji, kwa mfano, inataja toleo la 2.1 ngazi ya AA. Kwa taasisi inayoanza leo sioni sababu ya kuchukua toleo la zamani. Andika: "Tovuti zote za taasisi zitatimiza WCAG 2.2, ngazi ya A na AA." Ukiwa Kenya, taja pia KS 2952, kiwango cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA kilichotolewa na Shirika la Viwango la Kenya mwaka 2022, ambacho shirika la inABLE lilishiriki kukifanikisha.

Ngazi ya AAA usiichukue yote. W3C yenyewe haipendekezi tovuti nzima ilazimishwe kuifikia, kwa kuwa yapo maudhui ambayo hayawezi. Lakini humo ndani mna vitu ambavyo hapa kwetu vina uzito kuliko mahali pengine, na nitakitaja kimoja mbele kidogo.

Hatua ya tatu: waketishe mezani wanaohusika, na uwalipe

Ibara ya 4 ya Mkataba, katika aya yake ya 3, inazitaka nchi ziwashirikishe kwa karibu watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao. Tanzania kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na Kenya kuna UDPK. Barua moja kwa shirikisho inaweza kukufikisha kwa chama cha wasioona, cha viziwi, cha watu wenye ualbino, na vinginevyo.

Chagua watu watano au sita ambao ulemavu wao unatofautiana. Kosa lililozoeleka ni kumwalika mtu mmoja asiyeona na kuhesabu kwamba ulemavu wote umewakilishwa. Yeye atakueleza kuhusu kisoma skrini, lakini hawezi kukueleza mtu mwenye ualbino anavyosukuma simu hadi karibu na pua ili asome tangazo lililoandikwa kwa njano juu ya nyeupe, wala anachokipata mtu ambaye mikono yake inatetemeka anapotakiwa kubonyeza alama ya kufunga yenye ukubwa wa punje ya mtama. Hilo la pili lina kigezo chake katika toleo la 2.2: eneo la kubonyeza lisipungue pikseli 24 kwa 24 za CSS (kipimo cha ukubwa kinachotumika kwenye kurasa za wavuti), isipokuwa pale ambapo nafasi inayolizunguka inatosha.

Kuhusu malipo, nitasema kwa ufupi. Mshauri wa TEHAMA analipwa kwa siku, na mtu mwenye ulemavu anayekuja kukufundisha jambo ambalo mshauri halijui naye alipwe kwa siku, pamoja na nauli yake na ya msaidizi wake, na mkalimani wa lugha ya alama awekwe kwenye bajeti kabla ya mkutano kutangazwa.

Hatua ya nne: andika kanuni, kila moja na kipimo chake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Vigezo 55 vya kimataifa vimeandikwa kwa lugha ya wataalamu, na mhariri wa tovuti ya halmashauri hatavisoma. Kiwango cha taasisi yako kinavitaja vyote kwa sentensi moja, kama ilivyoelezwa hapo juu, kisha kinachagua makosa yanayotokea mara nyingi na kuyaandikia kanuni kwa Kiswahili cha kazini. Kanuni kumi na mbili hadi ishirini zinatosha. Katika kuchagua, saidiwa na uchunguzi ambao taasisi ya WebAIM ya Marekani huufanya kila mwaka kwa kurasa za mbele za tovuti milioni 1. Mwaka 2024 asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa yanayoonekana kwa chombo cha kompyuta, na sehemu kubwa sana ya makosa hayo ni ya aina sita tu: rangi zisizotofautiana, picha zisizo na maelezo mbadala (maneno yaliyomo kwenye msimbo ambayo kisoma skrini huyasoma badala ya picha), sehemu za fomu zisizo na lebo, viungo (linki) vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotangaza lugha yake. Anza na hayo sita.

Kila kanuni iwe na sehemu nne: amri, sababu, kipimo na anayewajibika. Mfano wa kanuni iliyokamilika ni huu:

"Kanuni ya 4. Kila ukurasa utatangaza lugha yake kuu katika msimbo, na ukurasa wa Kiswahili utatangaza sw. Kifungu cha lugha nyingine kilicho ndani ya ukurasa huo kitatangazwa lugha yake chenyewe, isipokuwa majina ya watu na mahali, istilahi za kitaalamu, na maneno yaliyokwisha kuingia katika lugha ya ukurasa. Sababu: kisoma skrini huchagua matamshi kwa kufuata tangazo hili. Kipimo: fungua msimbo wa ukurasa na usome thamani ya lang kwenye elementi ya html, kisha sikiliza aya ya kwanza kwa kisoma skrini chenye sauti ya Kiswahili. Anayewajibika: fundi kwa ukurasa mzima, mhariri kwa vifungu vya ndani."

Utaona kwamba neno "itahakikisha" halimo. Viwango vingi nilivyowahi kuvisoma vimejaa "taasisi itahakikisha" na "inapowezekana", na maneno hayo mawili yakiingia katika sentensi, kipimo kinatoka. Mahali panapohitaji msamaha, uandike msamaha wenyewe waziwazi, kama ulivyoandikwa wa majina na istilahi hapo juu.

Fomu zinastahili kanuni zaidi ya moja, kwa sababu ndiko huduma zinakotolewa na ndiko watu wanakokwama. Kila sehemu ya kujaza iwe na lebo inayobaki inaonekana wakati mtu anaandika. Maandishi hafifu yaliyomo ndani ya kisanduku, ambayo hutoweka mara mtu anapoanza kujaza, hayahesabiwi kuwa lebo. Ujumbe wa kosa utaje sehemu yenye kosa na ueleze namna ya kulirekebisha. Ukiandika "Rekebisha sehemu zenye rangi nyekundu", umemfungia nje asiyeona na asiyetofautisha rangi. Ukiandika "Namba ya simu haijakamilika: zinatakiwa tarakimu 10, umeweka 9", umewasaidia wote, pamoja na yule anayeona vizuri lakini ana haraka. Fomu yenye muda maalumu imwonye mtu kabla ya kumtoa, impe angalau sekunde 20 za kuomba muda zaidi kwa kitendo chepesi, na imruhusu kuomba hivyo angalau mara kumi. Na pale mtu anapotakiwa kuweka nenosiri au namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa SMS, aruhusiwe kunakili na kubandika. Wapo mafundi wanaozuia kubandika kwa kudhani wanaongeza usalama. Toleo la 2.2 lina kigezo kinachokataa kumlazimisha mtu akariri au anakili kwa mkono tarakimu ili aingie kwenye akaunti yake, ikiwa hakuna njia nyingine aliyopewa.

Viungo viandikwe kwa maneno yanayojitosheleza. Mtumiaji wa kisoma skrini mara nyingi huomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa badala ya kusoma kila mstari, na akiletewa "bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, bonyeza hapa" amepata kazi ya kubahatisha. "Pakua fomu ya mkopo wa mwaka 2025" inatosha bila msaada wa sentensi iliyotangulia.

Picha nazo zina ugonjwa wa kwetu. Tangazo la kazi, la chanjo au la kukatika kwa maji hutengenezwa kama bango lenye rangi, nembo na picha ya kiongozi, kisha likapandishwa tovutini kama picha tupu. Kwa kisoma skrini bango hilo ni kitu kisicho na neno hata moja. Maelezo mbadala pekee hayatoshi hapa, maana hayawezi kubeba tarehe, masharti na namba za simu kwa mpangilio. Kanuni iseme kwamba kila bango litafuatwa na maandishi yake kamili chini yake, na maelezo mbadala yatakuwa mafupi: "Bango la tangazo; maandishi kamili yako hapa chini." Picha za mapambo zipewe maelezo matupu, yaani alt="", ili kisoma skrini kizipite.

Video ziwekewe manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, jambo ambalo kwa video zilizorekodiwa ni la ngazi A. Na hapa narudi kwenye kile nilichoahidi kuhusu AAA. Tafsiri ya lugha ya alama kwa video zilizorekodiwa imewekwa katika ngazi hiyo ya juu, na taasisi nyingi huiruka bila kuifikiria. Kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania au Lugha ya Ishara ya Kenya, Kiswahili cha manukuu ni lugha ya pili aliyojifunza darasani, na huenda darasa hilo halikumhudumia vizuri. Ningeichukua kanuni hii kwa video zinazohusu afya, dharura, uchaguzi na haki, na kuziacha hotuba za ufunguzi. Ukitaka ngazi ya juu zaidi kwa kila kitu hutapata hata hizo chache.

Hatua ya tano: amua utakavyofanya na PDF

Tovuti nyingi za taasisi zetu ni makabati ya PDF. Barua inachapwa kwa kompyuta, inatolewa kwenye karatasi, inatiwa saini na muhuri, inapitishwa kwenye skana, kisha picha ya karatasi hiyo inapandishwa tovutini, mara nyingine ikiwa imelala upande. Maandishi yaliyokuwako mwanzoni, ambayo kisoma skrini kingeyasoma bila shida, yameuawa ili muhuri uonekane.

Kipimo chake kinachukua nusu dakika. Fungua faili, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno unaloliona kwa macho. Lisipopatikana, faili hiyo ni picha. Likipatikana, endelea kuangalia kama vichwa vya habari vimetambulishwa kama vichwa, na kama jedwali la ada linasomeka safu kwa safu. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba habari yoyote mpya inachapishwa kama ukurasa wa kawaida wa tovuti, na nakala yenye muhuri inaambatanishwa kwa wanaoihitaji kama ushahidi.

Nyaraka za zamani ni suala jingine, na hapa usijidanganye kwamba utazirekebisha zote. Umoja wa Ulaya, katika Maagizo yake ya mwaka 2016 kuhusu tovuti za umma, ulichora mstari: nyaraka za ofisi zilizochapishwa kabla ya tarehe 23 Septemba 2018 zilisamehewa, isipokuwa zile ambazo mwananchi bado anazihitaji ili apate huduma. Chora mstari wako kwa namna hiyo. Taarifa ya mwaka ya 2011 inaweza kusubiri mtu aiombe. Fomu ya 2011 ambayo bado inajazwa dirishani haiwezi.

Hatua ya sita: panga upimaji ambao watu wako wataumudu

Upimaji una tabaka tatu. La kwanza ni la chombo, yaani programu inayokagua ukurasa yenyewe: WAVE, axe, au Lighthouse iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Vyote vinapatikana bila malipo, na vitakamata lebo zinazokosekana na rangi zilizofifia. Haviwezi kukuambia kama maelezo ya picha ni ya kweli. Picha ya waziri yenye maelezo "IMG_2047" inaweza kupita bila onyo la maana.

Tabaka la pili ni mikono yako. Weka kipanya kando, kisha uvinjari ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab, Enter na mishale. Kila mahali ulipofika paonekane kwa alama, mpangilio ufuate mantiki ya ukurasa, na usinaswe mahali usipoweza kutoka. Halafu kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha lenye upana wa pikseli 1280, uone kama maandishi yanajipanga upya bila kukulazimisha kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari.

Tabaka la tatu ni simu, na kwa wasomaji wetu ningeliweka mbele ya kompyuta. Washa TalkBack, yaani kisoma skrini cha simu, kwenye simu ya Android, ambayo ndiyo watu wengi wanayo. Ukitelezesha kidole kulia unakwenda kwenye kitu kinachofuata, ukigonga mara mbili unakifungua. (Kabla ya kuiwasha, jifunze kuizima, nimeshuhudia afisa mzima akiomba msaada koridoni simu ikimsomea kila anachokigusa.) Zima kioo au kifunike kwa karatasi, kisha ujaribu kukamilisha kazi moja halisi: kutafuta ada ya leseni, kuomba cheti, kutuma malalamiko. Andika mahali ulipokwama na dakika ulizotumia. Baada ya wewe kumaliza, wale watu watano au sita wa hatua ya tatu wafanye kazi hiyohiyo kwa vifaa vyao wenyewe, kwa sababu wao wanavitumia kila siku na wewe umejifunza jana.

Matokeo yaandikwe kwa jedwali lenye ukurasa, kanuni, tulichokiona, uzito wa kosa na tarehe ya kurekebisha. Kosa linalomzuia mtu kukamilisha huduma litangulie, hata kama ni moja, kuliko makosa hamsini ya rangi kwenye habari za zamani.

Hatua ya saba: kiingize kiwango katika zabuni na mkataba

Kiwango kilichobaki kwenye kabati la TEHAMA hakitamfunga mkandarasi. Zabuni itaje WCAG 2.2 ngazi ya AA pamoja na kanuni za taasisi, na mkataba useme kwamba sehemu ya malipo ya mwisho itabaki mikononi mwa taasisi hadi tovuti ipimwe kwa kisoma skrini na mtu asiye mwajiriwa wa mkandarasi. Andika pia kwamba violezo vyote vitakavyokabidhiwa vitakuwa na lugha ya Kiswahili iliyotangazwa. Sentensi hiyo moja ingeokoa asubuhi niliyoieleza mwanzoni.

Watakuja wauzaji wa programu ya kubandika, inayoahidi kwamba mstari mmoja wa msimbo utaifanya tovuti yote ifikike, ikiwa na alama ya mtu ndani ya duara pembeni mwa ukurasa. Kuwa mgumu. Programu hiyo haiwezi kujua picha yako inaonyesha nini, wala haiwezi kuigeuza skani kuwa hati yenye mpangilio. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba mmoja wa wauzaji hao angelipa dola milioni 1 kwa madai kwamba alizidisha sifa za bidhaa yake. Mtumiaji asiyeona tayari ana kisoma skrini chake. Anachohitaji ni ukurasa unaosomeka nacho.

Hatua ya nane: chapisha tamko, pokea malalamiko, pitia upya

Tovuti iwe na ukurasa wa tamko la ufikivu, unaounganishwa kutoka kila ukurasa, ukieleza kiwango kinachofuatwa, tarehe ya upimaji wa mwisho, mapungufu yanayojulikana na lini yatarekebishwa. Mapungufu yatajwe kwa uwazi: "Fomu ya uhamisho bado ni skani, anayeihitaji kwa maandishi apige simu, atatumiwa ndani ya siku 2 za kazi." Namba ya simu isiwe njia pekee, kwa sababu kiziwi hataipiga, na barua pepe isiwe njia pekee, kwa sababu wengi hawana. Weka simu, SMS na barua pepe pamoja, na jina la cheo cha anayepokea, ili lalamiko lisizunguke kati ya idara.

Lalamiko lijibiwe kwa kutaja kanuni iliyovunjwa kwa namba yake. Mtu akiandika kwamba kompyuta yake inasoma ukurasa wa ada kwa Kiingereza, afisa aliyepokea afungue Kanuni ya 4, afanye kipimo chake, aandike alichokiona, ampelekee fundi. Kosa la lang hurekebishwa kwa chini ya dakika moja katika kiolezo, na kurasa zote zinazokitumia kiolezo hicho zinarekebishika kwa pamoja.

Kiwango chenyewe kipitiwe kila baada ya miezi 24, au mapema W3C inapotoa toleo jipya. Kila toleo la hati lipewe namba na tarehe, na ukurasa wa mwisho uonyeshe kanuni zilizobadilika na sababu zake. Kanuni ambayo katika miezi hiyo wapimaji wawili waliitolea majibu mawili tofauti ndiyo ya kwanza kuandikwa upya.